Kocha wa kwenye laptop, punguza kasi

Ukipita Mbagala, Tandika au Tandale jioni, hukosi kijana aliyeinamia laptop, yeye ndiye 'kocha' kwenye Football Manager. Kitu cha kwanza anapandisha kasi mpaka mwisho. Dakika ya 80 timu imekata pumzi, imepigwa mbili, naye analalamika gemu limemwibia.

Wapi! Kasi inayopangwa pale ni ya mpira, siyo ya miguu: mchezaji akae nao muda gani kabla ya kuutoa. Ukiipandisha, unamnyima beki wako muda wa kuinua kichwa. Anayejua kutuliza mpira na kuamua haraka atakupa raha. Asiyejua atawapasia wapinzani mechi nzima, na hapo kosa ni la kocha.

Kikosi cha kuungaunga kinataka kasi ya chini na pasi fupi, mpinzani avutwe atoke kwake. Akishapanda na kuacha uwazi nyuma, ndipo uongeze. Unaongoza moja dakika ya 75? Shusha.

Tatizo kijana huyohuyo akienda kwa Mkapa, pale Temeke, anazomea kila pasi inayorudi kwa kipa. Novemba 5, 2023, Yanga ya Miguel Gamondi ilikwenda mapumziko ikiwa 1-1 na Simba. Kocha wa Tandika angeshabadili nusu ya kikosi. Bao la pili lilisubiri mpaka dakika ya 64, na mechi ikaisha 5-1.