Utafiti una jina la Kiswahili, majibu yake yatufikie kwa Kiswahili



Juzi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Mama mmoja aliyeishi kambini kabla ya kuja kupanga chumba hapa Mabanga alitua bido yake chini, akaniuliza: "Papa jurnaliste, bale banganga balibebaka damu ya mutoto wangu mu kambi, jibu yake iko wapi?"

Sikuwa na la kumwambia. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini mama hakuambiwa kamwe damu ile ilionyesha nini, wala ilimsaidia nani. Wengine waliokuwa kwenye foleni walitikisa kichwa, kwa kuwa habari ile si ya nyumba moja.

Kabla ya kulaumu, tuseme ukweli. Madaktari na watafiti wa magonjwa ya kuambukiza wa nchi yetu wametufanyia kazi kubwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku mwaka 1976, wakati Ebola haijapewa hata jina, akachukua damu ya wagonjwa bila vifaa vya kujikinga. Mwaka 1995 kule Kikwit, yeye na wenzake walichukua damu ya watu waliopona Ebola, wakawapa wagonjwa 8. Kati yao, 7 walipona. Wataalamu wengi wa nje walikuwa na mashaka, lakini yeye hakuliacha wazo lile. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa INRB na wenzao wa Marekani walitengeneza dawa inayoitwa mAb114.

Ebola ilipofika kwetu Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Utafiti ule uliitwa PALM. Wengi hudhani ni neno la Kizungu. Sivyo. Maana yake ni "Pamoja Tulinde Maisha". Ni Kiswahili chetu sisi.

Wagonjwa 681 waliingia katika utafiti huo. Agosti 2019 matokeo yalionyesha kwamba dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilishinda zile nyingine. Kati ya waliopewa mAb114, 35 kwa 100 walifariki. Kwa dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganisha, walifariki 50 kwa 100. Lakini kuna jibu jingine ambalo lilipaswa kupigiwa kengele katika kila kata: kati ya waliopewa mojawapo ya dawa hizo mbili virusi vikiwa bado vichache mwilini, aliyefariki ni kama 1 kwa 10. Na kila siku mgonjwa aliyochelewa nyumbani ilimwongezea hatari ya kufa.

Hapa Goma tuliona kwa macho. Agosti hiyo hiyo, mama na mtoto wake mdogo, ambao baba wa nyumba alikuwa amekufa kwa Ebola, walitoka katika kituo cha matibabu wakiwa wamepona.

Sasa niulize: ni wangapi kati yetu walisikia jibu lile kwa lugha tunayoongea sokoni? Matokeo yaliandikwa kwa Kiingereza katika jarida kubwa la madaktari. Huku mtaani tulibaki na uvumi kwamba Ebola ni biashara, kwamba anayeingia kituoni hatoki. Watu walificha wagonjwa wao. Vituo vilishambuliwa. Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Sisemi kwamba risasi zile zilitokana na ukosefu wa habari peke yake. Vita vyetu vina mizizi mingi. Nasema kwamba pengo la habari halikai tupu. Uvumi huhamia humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mfano wa pili ni wa mpox. Watafiti wa nchi yetu, akiwemo Profesa Placide Mbala, walisaidia kutambua aina mpya ya kirusi hicho iliyoonekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023. Mwaka uliofuata ugonjwa uliingia katika kambi zilizozunguka Goma. Mwezi wa Agosti 2024 yalitoka majibu ya utafiti mwingine wa jina lile lile la PALM, uliofanyika Tunda na Kole kwa wagonjwa 597, juu ya dawa ya tecovirimat. Dawa haikuharakisha vidonda kupona. Lakini wagonjwa wote waliolazwa, waliopewa dawa na wasiopewa, walifariki chini ya 2 kwa 100, wakati kwa kawaida nchini walikuwa wakifariki zaidi ya 3. Watafiti wenyewe walisema matunzo mazuri ya hospitali ndiyo yanayoelekea kuleta tofauti ile.

Ndugu zangu mliokimbia vita, jibu hilo ni lenu. Lina maana kwamba chakula, maji safi, kitanda na muuguzi wa kukuangalia ni sehemu ya matibabu. Mtu akiwa nalo mkononi anaweza kudai haki yake.

Najua watafiti wana majibu yao. Watasema kazi ni ndefu, na siri ya mgonjwa haitangazwi redioni. Ni kweli. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hata maabara ya INRB hapa Goma ilikuwa hatarini, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa uliomba ilindwe. Baadaye kambi zilivunjwa na watu wakatawanyika. Nani angemtafuta yule mama?

Lakini tutenganishe mambo mawili. Jibu la kipimo cha mtoto ni la mzazi wake, apewe kwa siri. Jibu la utafiti ni la wote waliotoa damu, nalo halina jina la mtu. Hilo linaweza kusomwa redioni kwa dakika tano, kwa Kiswahili, na likamfikia mkimbizi popote alipolala. Linaweza kupitia kwa shefu wa nyumba kumi, kanisani na msikitini.

Kwa hiyo naomba hivi. Vyuo vikuu na maabara zinazofanya utafiti kwetu ziseme tangu siku ya kwanza ni lini na kwa njia gani zitarudi na majibu, na fedha za kurudi ziwekwe katika bajeti kama zinavyowekwa za sindano na mafuta ya gari. Hata utafiti ukishindwa, tuambiwe.

Nasi tuna wajibu. Kabla ya kutia sahihi au kidole, uliza: damu hii inakwenda wapi, ni ya kazi gani, nitapata jibu lini? Omba nakala ya karatasi na namba ya simu. Una haki ya kukataa, na ukikataa bado una haki ya kutibiwa. Na ukiona homa, vidonda au kuhara, usingoje; nenda kituoni mapema. Hilo tumekwisha kulijua kwa damu ya wenzetu wa Beni na Butembo.

Pamoja tulinde maisha: ni maneno mazuri sana. Lakini neno "pamoja" halitimii kama mmoja anatoa damu na mwingine anabaki na jibu.