Dada wa kucha, uache mkono na rangi yake

Zunguka Bondeni wiki ya harusi, kisha fungua simu uangalie kurasa za mafundi wetu wa kucha na hina. Utadhani ni miji miwili. Mtaani kuna mikono ya maji ya kunde, mingine myeusi tititi inameremeta. Kwenye simu yote imekuwa rangi ya unga wa ngano.

Hiyo ni filta, na inaharibu biashara. Mteja huchagua rangi kwa kutazama picha. Akiona pinki ya maziwa imekaa vizuri kwenye mkono uliopaushwa, ataitaka. Akipakwa, kwenye mkono wake halisi inaonekana kama chokaa. Atamlaumu nani? Wewe. Na dadake hatakuja.

Kamera zenyewe zina historia mbovu hapo. Miaka mingi Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ya Shirley (haya sikuyasoma chuoni, nilitoka mapema). Mwaka 2021 Google ikaleta Real Tone kwenye simu za Pixel ili ngozi nyeusi itoke ilivyo. Sasa wewe uko Mombasa, unaifuta tena kwa kidole?

Mwanga mzuri tunao bure. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hivyo mchana kuna kivuli chenye mwanga laini. Mkalishe mteja barazani au karibu na dirisha. Zima flashi, inaacha doa jeupe juu ya kila kucha. Zima na taa ya ndani, manake ikichanganyika na mwanga wa nje rangi zinapotoka. Usiweke mkono mweusi juu ya kitambaa cheupe pee, simu itapunguza mwanga na mkono utageuka kivuli. Leso naipenda, lakini maua yake yanameza kazi. Tafuta kitambaa kisicho na maua. Na futa lenzi, ina mafuta ya nazi, tusidanganyane.

Kinachonikera zaidi ni hina. Hapa kwetu wengi hupaka hina kuchani kwa sababu haizuii maji ya udhu kama rangi ya chupa. Lakini hina ikitolewa tu huwa ya machungwa, hukolea baada ya siku moja au mbili. Fundi anapiga picha papo hapo, anaiona imepauka, anaikoleza kwa programu mpaka inafanana na piko. Mteja wa kesho anataka nyeusi ile ile, na hina haiwezi kuitoa. Ndipo piko inaingia, na piko nyingi ni rangi ya nywele. Zipo ngozi zilizotoka malengelenge kwayo.

Si mumwombe tu bibi harusi awatumie picha ya kesho kutwa?

Mkimwomba, mumuulize pia kama ataridhia muiposti. Mwaka 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa Sh1.85 milioni na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Uso usipoonekana, pete na michoro vinatosha. Na Bondeni mnaijua, kila mtu ni shemeji ya mtu.