Seva ya Hifadhi Haizimwi kwa Kung'oa Waya

Nina neno leo na wale wanaojivunia seva ambayo haijazimwa kwa miaka miwili. Ukikutana nao watakuandikia amri ya uptime pale pale, wakuonyeshe siku mia saba na kitu, kisha wasubiri uwapigie makofi. Mimi sipigi. Seva ambayo haijazimwa muda huo wote ni seva ambayo hakuna anayejua kama itawaka tena, na siku ya kubadilisha kipande kilichoharibika ndiyo siku ambayo mtajua.

Nazungumzia seva za kuhifadhi data, zile zenye diski nne, nane au kumi na mbili, ambazo ofisi nzima inazitegemea kwa faili, hifadhidata na mashine pepe. Kazi yangu mimi ni kuandika programu, na najua kuna watakaosema mambo ya vyuma na waya niwaachie mafundi. Lakini programu ninazoandika zinalala kwenye diski hizo hizo. Fundi aking'oa waya, mimi ndiye napigiwa simu kuulizwa mbona rekodi za leo asubuhi hazionekani.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Programu ikikuambia "imehifadhiwa", si lazima data iwe imefika kwenye diski. Linux huiweka kwanza kwenye RAM, kwa sababu RAM ina kasi, halafu huiandika kwenye diski baadaye kidogo. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa huko hadi sekunde 30 hivi ndipo ihesabiwe kuwa imekawia na kuandikwa. ZFS nayo hukusanya maandishi na kuyashusha kila sekunde 5 hivi. Juu ya hayo, kadi ya RAID ina kumbukumbu yake, na diski yenyewe ina yake. Hifadhidata nzuri hulazimisha muamala ushuke mpaka chini kabla ya kujibu, lakini si kila programu ina adabu hiyo. Kuzima kwa utaratibu maana yake ni kuipa kila ngazi nafasi ya kutua mzigo iliobeba. Ukikata stima ghafla, kilichokuwa njiani kimepotea.

Sasa chukua RAID 5 ambayo diski yake moja imekufa. Data ya diski hiyo haipo tena popote. Inakokotolewa kutoka kwenye diski zilizobaki. Stima ikikatika katikati ya kuandika, baadhi ya diski zina data mpya na nyingine zina ya zamani, na hesabu hailingani tena. Matokeo yake ni takataka, hata kwenye faili ambayo hakuna aliyeigusa siku hiyo. Ndiyo maana RAID ya Linux, ile inayosimamiwa kwa mdadm, kwa kawaida hukataa kupanda ikikuta diski moja haipo na mara ya mwisho haikuzimwa vizuri. Haikatai kwa ukaidi. Inakuambia haiwezi kukuhakikishia kilichomo. Na angalia: hali hiyo ya diski moja kufa ndiyo hasa hali ambayo mtu huja na bisibisi!

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja. Diski ilikufa Jumatatu, mpya ikafika Jumatano, na kwa kuwa mkubwa wa ofisi hakutaka kusikia habari ya kusimamisha kazi, fundi akaambiwa amalize haraka wakati wa chakula cha mchana. Akabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa zikazima. Ukishikilia kitufe hicho zaidi ya sekunde nne, mashine hukata stima bila kuuliza mtu, na hilo si tofauti sana na kung'oa waya ukutani. Seva ilipowashwa, RAID ikakataa. Ilipolazimishwa ikapanda, lakini na faili zilizoharibika. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Wafanyakazi wakakaa siku kadhaa wakiingiza malipo upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, na wanachama waliokuja kuchukua mikopo ya karo wakawa wanaambiwa warudi kesho. Kulikuwa na mama aliyerudi mara tatu. Waliikataa nusu saa, wakalipa wiki.

Watu walimlaumu fundi. Mimi simlaumu peke yake. Fundi aliyenyimwa muda atakata kona, na aliyemnyima muda ndiye aliyechagua matokeo. Hili ndilo wazo langu kuu leo: kuzima seva vizuri ni uamuzi wa ofisi kabla haujawa ujuzi wa fundi. Nusu saa ya usiku au ya Jumapili asubuhi inapaswa kuandikwa kwenye kalenda, na wenye kuitumia seva waambiwe mapema.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza ni nakala rudufu, na si kuwa nayo tu, bali kujaribu kurudisha faili mbili tatu uone zinafunguka. RAID si nakala rudufu. Ukifuta faili, RAID inaifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Tena diski iliyozunguka miaka mingi bila kusimama inaweza kukataa kuzunguka tena ikishapoa, kwa hiyo usizime ukiwa mikono mitupu.

Pili, jua hali ya diski zako. Soma /proc/mdstat, au zpool status kama unatumia ZFS, na uangalie kila diski kwa smartctl. Kama RAID bado inajijenga upya, subiri imalize. Andika kwenye karatasi namba ya mfululizo ya kila diski na nafasi iliyokaa. Usitegemee majina kama sda na sdb, maana yanaweza kubadilika mashine ikiwaka tena. Wapo waliochomoa diski nzima wakaiacha mbovu ndani kwa kuamini jina.

Tatu, zima kuanzia juu kwenda chini. Wanaotumia watoke, kisha programu, kisha hifadhidata, kisha mashine pepe, na seva ya hifadhi iwe ya mwisho. Ukiizima mapema, mashine zilizounganishwa kwa NFS kwa kawaida zitaganda zikiingoja, na mashine pepe zitadhani diski yake imekufa. Kama kuna makasha ya diski ya nje, hayo huzimwa baada ya seva. Wakati wa kuwasha, geuza mpangilio: makasha, seva, halafu wengine.

Nne, tumia amri. shutdown -h +10 itawapa walioingia kwenye seva dakika kumi na ujumbe. Poweroff itazima sasa hivi. Ukiwa mbali na unatumia ipmitool, chassis power soft ndiyo inayoomba mfumo ujizime wenyewe, ilhali chassis power off inakata tu. Maneno yanakaribiana, matokeo hayakaribiani.

Tano, baada ya taa kuzima, ng'oa waya zote za stima. Seva nyingi zina pawasaplai mbili, na hata mashine ikiwa imezimwa bado kuna stima kidogo ndani inayongoja kitufe kibonyezwe. Waya zikishatoka, bonyeza kitufe mara moja kumaliza kilichobaki, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Kama unabadilisha kadi ya RAID yenye betri, hakikisha kwanza imeshusha kila kitu kwenye diski, la sivyo data itaondoka na kadi ya zamani.

Nina ushauri mmoja zaidi ambao najua utabishiwa: izime seva na uiwashe mara moja kabla ya kufungua kifuniko. Katika miaka hiyo miwili ya kujivunia, watu wamesasisha keneli, wamebadilisha fstab, wameongeza huduma, na hakuna aliyejaribu kama yote hayo yanawaka pamoja. Ukiizima, ukabadilisha kipande, ikakataa kuwaka, utalaumu kipande kipya usiku kucha na kosa liliwekwa na mtu mwaka jana. Ukiiwasha kwanza bila kugusa kitu, unatenganisha matatizo ya zamani na mapya. Pale diski moja imeshakufa na nyingine ni kuukuu, nakubali upime hatari. Kila kuzima ni mtihani kwa diski hizo.

Najua mtaniambia kuna seva ambazo diski huchomolewa zikiwa zinafanya kazi. Ni kweli, na kama nafasi ya diski imeundwa hivyo na una uhakika ni diski ipi, usizime, badilisha. Lakini ruhusa hiyo ni ya diski, na kwenye seva nyingi ni ya pawasaplai na feni pia. Haihusu RAM, wala kadi, wala bodi. Nimesikia watu wakiitaja kama leseni ya kugusa chochote.

Wengine wanasema, "Hapa Kenya stima hupotea kila siku na seva huwaka tena, mbona utusumbue?" Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Basi hiyo ni sababu ya kuwa makini zaidi. UPS ambayo haijaunganishwa na seva kwa waya wa mawasiliano inachelewesha tu ajali. Iunganishe, weka programu kama NUT, iamuru seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha, halafu siku moja jaribu kwa kweli uone kama inatii.

Na ile diski mbovu uliyoitoa, usiiache kwenye droo wala usimpe mtu wa vyuma chakavu. Bado ina majina na akaunti za watu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Itoboe, au itunze mahali panapofungwa mpaka iharibiwe.

Kwenye ofisi yako, ni nani mwenye mamlaka ya kusema "leo usiku tunazima"? Kama hakuna jibu, anzeni hapo kabla ya kununua diski.