Cheti cha halali kivuke mpaka pamoja na mgeni

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Septemba, joto la nchi za Ghuba hupanda kupita nyuzi 40 na shule hufungwa. Familia za Riyadh, Kuwait na Doha hufunga mizigo kwenda kutafuta baridi. Wengi hukimbilia milima ya Trabzon nchini Uturuki, wengine Sarajevo, wengine Kuala Lumpur. Katika miezi hiyohiyo pwani ya Afrika Mashariki imo kwenye kipupwe, masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, na ndege kutoka Doha na Dubai zinatua Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam. Safari yenyewe ni fupi kuliko ile ya Malaysia. Hata hivyo, familia nyingi hazifikirii hata kuja.

Wasafiri hawa si wachache. Mwaka 2019, kabla ya korona, safari za Waislamu kuvuka mipaka ya nchi zao zilikadiriwa kufikia milioni 160, kwa hesabu ya CrescentRating, kampuni ya Singapore inayochapisha pamoja na Mastercard orodha ya kila mwaka ya nchi zinazowafaa wasafiri wa aina hiyo. Malaysia imekuwa kileleni mwa orodha hiyo karibu kila mwaka, na hilo halishangazi. Linaloshangaza ni bidii ya nchi ambazo Waislamu wake ni wachache mno. Japani imeweka vyumba vya kusalia katika viwanja vya ndege vya Narita, Haneda na Kansai. Thailand, nchi ya Wabudha, inauza nje chakula chenye nembo ya halali na inawahesabu wageni hawa katika mipango yake ya utalii.

Kwa historia yake, Afrika Mashariki haikupaswa kufundishwa jambo hili na Wajapani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu, karibu mwaka 1331, aliandika kwamba vijana wa mji huo, ambao leo umo ndani ya Jumuiya, walizikimbilia meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mombasa alikuta watu wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Kilwa alikuta sultani aliyesifika kwa kutoa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji wa Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani yote yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wengine wanajenga mandhari ya Kiislamu kwa saruji mpya ili kuwavuta watalii. Ukanda huu unayo tayari, kwa mawe ya matumbawe yenye umri wa karne nyingi.

Anachohitaji mgeni wa aina hii si kikubwa. Anataka kujua aelekee wapi akisali, na mshale mdogo wa kibla uliobandikwa darini unamtosha. Anataka maji chooni, yaani bomba dogo la kujisafishia ambalo nyumba nyingi za kawaida za Mombasa na Unguja zinalo, lakini hoteli ya nyota tano iliyochorwa Ulaya imelisahau. Anataka bia iondolewe kwenye friji ya chumbani kabla hajafika, siyo baada ya kulalamika. Mama anataka saa mbili za bwawa la kuogelea akiwa na wanawake wenzake.

Na anataka chakula. Hapo ndipo safari nyingi huharibika, hasa mbugani. Gari linaondoka kambini alfajiri, chakula cha mchana kikiwa ndani ya maboksi. Paja la kuku limo, lakini dereva hajui kuku huyo alichinjwa na nani, mpishi amebaki kambini, na simu haishiki mtandao. Mtu aliyelipa maelfu ya dola kuiona Serengeti au Maasai Mara anaishia kula ndizi na yai la kuchemsha. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyeandika popote nyama ile ilitoka wapi.

Ajabu ni kuwa nyama hiyo mara nyingi ni halali tangu machinjioni. Kwa desturi ya miaka mingi, katika sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania, machinjio ya umma huwatumia wachinjaji Waislamu ili nyama iweze kuliwa na kila mtu. Kinachokosekana ni uthibitisho unaosafiri pamoja na nyama hiyo kutoka machinjioni hadi buchani, kutoka buchani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi mezani. Badala yake kuna mikahawa iliyojipaka neno "halali" ukutani kwa rangi ya kijani, na hoteli zinazodhani kuwa kutopika nguruwe kunatosha. Hakutoshi. Mchuzi uliotiwa mvinyo, jelatini iliyomo kwenye vitamutamu, mafuta yaliyokaangiwa soseji ya nguruwe jana usiku, yote hayo mgeni huyauliza, na mhudumu hubaki akitabasamu.

Vyombo vya kutoa uthibitisho vipo. Kenya ina Kenya Bureau of Halal Certification, Tanzania ina BAKWATA, Uganda ina Baraza Kuu la Waislamu. Kila kimoja kina nembo yake na wakaguzi wake. Jumuiya nzima, hata hivyo, haina cheti kimoja cha halali. Mgeni aliyeizoea nembo aliyoiona Mombasa akivuka Lungalunga na kuingia Horohoro anakuta nembo nyingine, na hana pa kuuliza kama hii na ile zina uzito mmoja. Mfugaji wa kuku wa Kampala anayetaka kuuzia hoteli za Kigali au Unguja anakutana na ukuta huohuo, naye hasara yake ni ya kila siku, si ya msimu wa likizo tu.

Wapo wanaoogopa kuligusa suala hili, na hofu yao ina msingi. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mzozo wa nani achinje ulizuka Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, na huko Buseresere, Geita, ukagharimu uhai wa mtu. Hakuna kiongozi mwenye akili timamu anayetaka kuyaona tena. Lakini mzozo ule ulihusu nyama inayouzwa kwa umma wote na haki ya kila mmoja kuichinja. Hoteli inayoomba cheti kwa hiari yake haimlazimishi jirani kufanya lolote. Kwa miaka mingi hoteli za Nairobi na Arusha zimewapikia Wahindu wasiokula nyama, na hakuna aliyeona udini ndani ya bakuli la dengu. Hoteli yenye baa nayo si lazima ifunge baa. Ni lazima iseme kuwa inayo, ili mwenye kutaka akae mbali nayo ajue mapema.

Serikali hazina kazi ya kutoa fatwa, wala Sekretarieti ya Arusha haiwezi kuamua kipi halali na kipi haramu. Hiyo ni kazi ya masheikh, na masheikh wenyewe hawakubaliani katika kila jambo, mfano kuku aliyepigwa shoti ya umeme kabla ya kuchinjwa. Kinachowezekana ni vyombo hivyo kukaa pamoja, kukubaliana mambo ya msingi na kutambuana. Malaysia inafanya hivyo na dunia nzima: idara yake ya Jakim huchapisha orodha ya vyombo vya nchi za nje ambavyo vyeti vyake inavikubali, na mnunuzi wa Kuala Lumpur huiangalia orodha hiyo badala ya kubishana. Taasisi ya viwango ya nchi za Kiislamu, SMIIC, yenye makao yake Istanbul, nayo ilitoa mwaka 2019 kiwango cha huduma za utalii halali. Hakuna haja ya kuanza na karatasi tupu.

Jumuiya yenyewe imekwishaonyesha kuwa hili linawezekana. Ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, na wakaguzi wa nchi wanachama wanatumia vigezo hivyohivyo, hivyo nyota nne za Kigali zinapaswa kuwa nyota nne za Mombasa. Kama watu waliweza kukubaliana kuhusu upana wa chumba na unene wa godoro, kukubaliana kuhusu kisu na jungu hakupaswi kuwashinda.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye takwimu za wageni. Zanzibar na kwingineko pwani, wazazi wengi wamekuwa wakisita kuwaruhusu binti zao kufanya kazi hotelini, kwa sababu ya pombe, mavazi na zamu za usiku. Msichana aliyesoma, anayezungumza Kiingereza na labda Kiarabu, anabaki nyumbani huku hoteli iliyo hatua chache kutoka kwao ikiajiri watu wa mbali, na kijiji kinaitazama hoteli hiyo kama kitu cha wageni kilichoteremshwa ufukweni. Hoteli inayomruhusu mfanyakazi kuvaa ushungi, isiyompa trei ya mvinyo, na inayompa dakika za kusali alasiri, inaweza kumpata msichana huyo pamoja na ridhaa ya baba yake.

Faida pia isiishie kwenye hoteli kubwa. Maulidi ya Lamu, yanayosomwa katika Msikiti wa Riyadha, yamekuwa yakiwaleta wageni kutoka Tanzania, Visiwa vya Komoro na Uarabuni tangu zamani, kabla mtu yeyote hajabuni jina la utalii halali. Mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala hupandwa na wageni wa dini zote wanaotaka kuuona mji. Mtaa wa Nyamirambo mjini Kigali na Buyenzi mjini Bujumbura ina Kiswahili, misikiti na vyakula vya kutosha kumkalisha mgeni siku mbili. Wageni wa sehemu hizo wanaweza kuwa familia ya Eastleigh, ya Mwanza au ya Ujiji. Jumuiya ilipoanzisha kampeni ya "Tembea Nyumbani" mwaka 2021 ililenga watu haohao, lakini haikuwaambia watakula nini wakifika.

Kisha kuna viza. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90, na mgeni huingia na kutoka atakavyo ndani ya nchi hizo 3. Tanzania haimo. Familia ya Waislamu wa Leicester, ambao baadhi yao ni wajukuu wa watu waliozaliwa Kampala na Nairobi, ikitaka kuona Lamu, Mombasa na Unguja katika likizo moja, inajaza fomu mara mbili na kulipa mara mbili, ili kutembea katika pwani ambayo majahazi yaliipita kwa karne nyingi bila fomu yoyote. Dodoma ina hoja zake kuhusu mapato na usalama, na ni haki zijadiliwe wazi. Ila mjadala umechukua zaidi ya miaka 10.

Wakati hautangoji. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa hesabu ya falaki, mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mwaka 2031 itaanza katikati ya Desemba na kupita juu ya Krismasi na mwaka mpya. Huo ndio msimu ambao hoteli za pwani hupata fedha za kuendeshea mwaka mzima. Mgeni Mwislamu atahitaji futari na daku, mgeni asiyefunga atahitaji chakula cha mchana, na kijiji kilichofunga kitahitaji heshima yake, yote ndani ya juma moja. Mawakala wa usafiri huanza kuweka mikataba ya msimu mwaka mmoja na zaidi kabla. Mawaziri wa utalii wa nchi wanachama wana vikao vichache tu kabla ya hapo, na katika kimojawapo wanaweza kuwaita Arusha wakuu wa vyombo vya halali vya nchi zote, wakiwa na nembo zao mkononi.