Faili likipotea, magazeti humwona karani tu

Msomaji wa magazeti yetu nchini Kenya hukutana na wataalamu wa habari na kumbukumbu katika sura mbili. Ya kwanza ni ya mkutubi mpole anayewapelekea watoto wa mbali vitabu. Tangu Shirika la Huduma za Maktaba la Kitaifa lianze kutumia ngamia Garissa mwaka wa 1996, picha za safari hizo zimezunguka dunia nzima, na mara nyingi ngamia ndiye hubaki akilini mwa msomaji. Sura ya pili ni ya karani wa masjala, ambaye hukumbukwa faili la kesi au la shamba linapopotea, tena kama mshukiwa. Mtaalamu aliyesomea kazi yake, anayeamua nini kihifadhiwe na kitapatikanaje, hana nafasi katika picha hizo. Naamini pengo hilo linawaumiza zaidi wananchi walio mbali na Nairobi.

Chukua Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori. Anayetafuta ushahidi wa zamani kuhusu ardhi, shule au mipaka ya eneo hilo huenda asiupate wote mjini Migori. Wilaya ya Migori ilimegwa kutoka Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na makao ya Nyanza Kusini yalikuwa Homa Bay. Nyuma zaidi, wakoloni walilitawala eneo lote kutoka Kisii, wakiliita Kavirondo Kusini. Kila mgawanyo ulileta swali lile lile: karatasi zipi zihame, zipi zibaki, zipi zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa? Mzee anayedai shamba la babake anamhitaji wakili, lakini wakili naye anamhitaji mtu anayejua faili lilifuata njia ipi. Habari za kesi za ardhi humtaja wakili, hakimu na walalamishi, zikamwacha mjuzi huyo wa faili.

Hata katika habari kubwa kabisa hali ni hiyo hiyo. Mwaka wa 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza kwa mateso ya enzi ya ukoloni, serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za kikoloni Hanslope Park, kituo chake huko huko Uingereza. Mwaka wa 2013 ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya waathiriwa 5,228. Wanahistoria na mawakili walisifiwa, na walistahili. Lakini Kenya ilikuwa imedai nyaraka zilizohamishwa tangu 1967, na baadaye watunza nyaraka wetu wakaenda London kunakili kumbukumbu zilizohusu nchi hii. Miaka yote hiyo ya kudai na kunakili ni sehemu ya habari yenyewe, wala si tanbihi.

Mhariri atasema gazeti huandika matukio, na kupanga faili si tukio. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini faili likipotea swali huwa nani aliliiba, bila mtu kuuliza masjala ina watu wangapi waliofunzwa na nani aliwanyima makabati. Wengine watasema simu na kompyuta zimemaliza kazi ya mkutubi na mtunza nyaraka. Sivyo. Faili lililovurugika likipigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta huendelea kuvurugika, na sasa makosa yake husambaa haraka zaidi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Haki hiyo haina maana pale ambapo hakuna anayejua karatasi iko wapi.

Ni kweli pia kwamba wengi wa wataalamu hawa ni watumishi wa umma wanaoogopa kuzungumza na waandishi bila idhini ya wakubwa wao. Basi mwandishi aombe idhini hiyo, kama anavyoiomba kwa daktari wa hospitali ya kaunti. Pa kuanzia papo: Katiba ya 2010 imeziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Bajeti za Migori na Homa Bay zitakaposomwa, ripota aulize ni wakutubi na watunza nyaraka wangapi wameajiriwa, kisha awahoji na kuandika majibu yao kwa majina na vyeo vyao.