Nipimie ya Mbao

Kuna mawaidha fulani ambayo yakiendelea hivi nitayaita kwa jina lake: matusi. Ni yale ya video fupi za mtandaoni, ambapo mtu mwenye jikoni kubwa kuliko keja yangu nzima anasimama mbele ya mitungi ya glasi iliyopangwa kama askari kwenye gwaride, anatuambia kwamba kuweka akiba na kuokoa dunia ni kitu kimoja, na kwamba tunaweza kuanza leo. Nunua chupa ya maji ya chuma. Nunua mswaki wa mianzi. Nunua mrija wa chuma, hata kama mara ya mwisho ulikunywa kitu kwa mrija ilikuwa harusi ya shangazi yako. Nunua, nunua, nunua, halafu mwishoni anatabasamu: jamani, tupunguze matumizi.

Hizi hotuba nazijua kwa ndani. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo nakula kwa kuandika makala zisizobeba jina langu, za wateja wa ng'ambo. Mteja mmoja alipenda sana haya mambo ya maisha ya kijani. Maagizo yalikuwa yale yale kila wiki: vidokezo kumi, maneno mia nane, kila kidokezo na bidhaa yake. Siku moja niliweka kidokezo kwamba mtu apeleke kiatu kwa fundi badala ya kununua kingine. Kikarudishwa. Hakina kitu cha kuuza, nikaambiwa. Nikaweka nta ya kung'arishia viatu, ikapita.

Sasa wewe njoo mtaani saa kumi na mbili jioni. Kayole, Githurai, Kawangware, chagua. Mtoto anatumwa dukani na chupa iliyokuwa ya soda, anapimiwa mafuta ya kupikia ya thelathini. Mwingine ana jagi, anaelekea kwenye ATM ya maziwa, anasema nipimie ya mbao. Mama mboga amekata sukuma tayari, anakufungia ya ishirini kwa gazeti. Kando yake kuna mama wa maharagwe na githeri iliyochemshwa, sufuria kubwa kuliko tairi, anapima kwa kikombe. Hebu mtazame huyo mama vizuri. Maharagwe makavu yanaweza kukaa jikoni masaa mawili, matatu. Kila nyumba ya ploti ikichemsha yake, hiyo ni mioto hamsini. Yeye amewasha mmoja. Hamsini wanakuja kuchukua, wanaenda kukaanga tu nyumbani kwa dakika kumi. Mhandisi wa nishati angepewa tuzo kwa wazo hilo. Yeye anapewa notisi na askari wa kaunti.

Endelea mbele. Fundi wa viatu, fundi wa simu, fundi wa sufuria anayebandika kitako kipya. Shati la mitumba ambalo limevaliwa Ujerumani, likavaliwa na wewe, litavaliwa na mdogo wako, kisha litakuwa tambara la kupangusa meza na hatimaye la kupiga deki. Chupa ya soda ya glasi ambayo huwezi kuondoka nayo bila kuacha doo ya chupa. Hakuna anayeita haya maisha endelevu. Hakuna hata neno, ni kuishi tu. Halafu anakuja mtu na mitungi yake kutufundisha kujaza chupa upya.

Lakini tusidanganyane pia. Mimi sitaki kuimba nyimbo za kusifu umaskini, kuna watu wanalipwa kufanya hivyo. Kununua kidogo kidogo ni ghali. Anayenunua mafuta ya thelathini kila siku, ukimpigia hesabu ya mwezi, lita yake imemgharimu zaidi ya yule aliyenunua mtungi mzima mara moja. Ndiyo maana ushauri wa "nunua kwa jumla" unanichekesha. Kila mama mtaani anaijua hiyo hesabu kichwani kuliko wewe na jedwali lako. Anachokosa ni hizo pesa zote kwa siku moja. Mshahara unaokuja kwa siku unatumika kwa siku.

Na hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wa mjini huvichanganya wakisema "uchumi wa kadogo". Kuna kupima, na kuna pakiti ndogo. Zote zinakupa kiasi cha mfuko wako, ila kupima hakuachi taka. Pakiti ndogo ni ujanja wa kiwanda: sabuni ya unga ya siku moja, mafuta ya nywele ya mara mbili, majani ya chai ya sufuria moja, kila moja ndani ya plastiki yake ambayo haina mnunuzi hata kwa wale wanaookota vyuma. Kiwanda kilichukua desturi yetu ya kununua kidogo, kikaivisha plastiki, kikaweka faida mfukoni, na mvua ikinyesha mtaro ukiziba tunaambiwa watu wa mtaa huu ni wachafu.

Serikali nayo? Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na sheria kali kweli: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Mimi niliunga mkono na bado naunga. Lakini angalia nani alibeba gharama. Mfuko uliokuwa wa bure ukawa wa kununua. Ule unaouzwa pale kwenye kaunta ya supamaketi, unaoshikika kama kitambaa, mwingi ni polipropilini, yaani plastiki iliyoundwa kwa adabu. Na mkate? Mkate uko ndani ya plastiki mpaka leo, kwa sababu kile kinachofungwa kiwandani kiliachwa nje ya marufuku. Mama mboga alitafutwa na askari kwa mfuko wa dhania. Kiwanda kilipewa msamaha.

Hiyo ni mifuko. Kwa moto ndiyo kuna aibu.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu. Sawa, misitu ilikuwa inaisha. Bei ya makaa ikapanda. Mwaka huo huo, kabla haujaisha, mafuta taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ati kuwazuia watu wanaochanganya mafuta taa na dizeli. Aliyekuwa na stovu ya mafuta taa hakuwa na lori la dizeli la kuchanganyia chochote, lakini alilipa. Basi tukaambiwa tuhamie gesi, ni safi, ni ya kisasa, haiharibu mapafu. Wengi wakajikaza, wakanunua mtungi wa kilo 6. Tarehe 1 Julai 2021, VAT ya asilimia 16 ikarudi kwenye gesi. Ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023, baada ya watu kurudisha jiko la makaa jikoni.

Pigeni hesabu wenyewe. Tuseme mkebe wa makaa ni shilingi 100 na unakaa siku mbili. Kwa mwezi ni 1,500. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya elfu moja, na kwa mtu anayeishi peke yake unaweza kumaliza mwezi. Kwa hiyo gesi ni rahisi, si ndiyo? Ndiyo, kwa mwenye elfu moja na kitu asubuhi ile mtungi unapoisha. Mwenye mia moja asubuhi hiyo atanunua makaa, na kesho kutwa atanunua tena. Hilo si kosa la nidhamu. Mhubiri wa fedha anaweza kumchorea duara lenye asilimia 50 za mahitaji, 30 za starehe na 20 za akiba, na duara litakuwa zuri sana. Kodi ya nyumba peke yake imekula nusu ya duara kabla hajafika kwenye unga.

Na mwenye mia moja akitaka ile elfu moja asubuhi hiyo, kuna simu. Mkopo wa simu umetufaa, sitabisha. Umelaza wagonjwa hospitali, umezika wazee. Lakini M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuzungusha kila mwezi mwaka mzima, hiyo ni asilimia 90. Ukikopa kununua gesi kila mwezi, umeanza kuielekea bei ya makaa kwa njia ndefu. Hao wa mitungi ya glasi sijawahi kuwasikia wakitaja hili, manake halipendezi kwenye picha.

Kuna rafiki yangu huniambia mimi huona serikali na viwanda kila mahali, kwamba mtu mzima ana uamuzi wake. Sawa. Uamuzi upo. Ukiacha kununua simu mpya kila mwaka ni uamuzi mzuri, kwa mfuko na kwa dunia, na kuna vijana wa rika langu wanaokopa ili wapigwe picha na simu mpya, hao nao waambiwe. Ila mpangaji hawezi kuamua kuweka sola juu ya paa lisilo lake. Hawezi kutengeneza mboji kwenye roshani ya futi tatu, ambapo pia ndipo anapoanika nguo za jirani wawili. Hawezi kuamua taka zake zitenganishwe, kwa sababu hata akiziweka kwenye mifuko mitatu, mkokoteni ni mmoja na mwisho wake ni Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado linapokea.

Mwingine atasema kupima si usafi. Maziwa ya mashine hujui yametoka wapi, mafuta hujui yamechujwa na nani. Hilo ni swali la haki, na jibu lake ni ukaguzi: mashine ziwe na leseni, zioshwe, zipimwe. Lakini msiniambie pakiti ndiyo usalama. Novemba 2019 shirika la viwango lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na Januari 2020 likaongeza nyingine 17. Zote zilikuwa ndani ya pakiti maridadi, zina nembo, zina tarehe. Hakuna aliyesema pakiti zipigwe marufuku.

Huwa nawaza kuhusu Wangari Maathai katika haya yote, kwa sababu kila mtu anayeuza mrija wa chuma humtaja. Watu humkumbuka na mti na Nobel ya 2004. Wanasahau namna alivyofanya. Green Belt Movement ilipoanza mwaka 1977, wanawake wa vijijini walilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Walilipwa! Hawakuuziwa miche, hawakuhubiriwa kuhusu nidhamu, hawakuambiwa wapende dunia kwanza halafu njaa itajipanga. Alijua kuni za mbali ni gharama ya mwanamke, na kwamba mwanamke huyo akipata kitu mkononi mlima utapata miti.

Linganisha na tulichopewa 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na ushuru wa mazingira ndani yake: nepi, matairi, betri, vifaa vya kielektroniki. Jina lilikuwa la kijani, na mkono ulikuwa ule ule ulioingia kwenye mafuta taa. Mama wa mtoto mchanga alipe ili dunia ipone. Tuliingia barabarani, watu waliuawa Juni 25, na kesho yake Rais akasema hatausaini. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea neno "mazingira" na bei juu yake, nauliza kwanza ni nani hakuguswa.

Kwa sababu sheria nzuri ipo. Ya usimamizi endelevu wa taka, ya 2022, inasema mzalishaji abebe wajibu wa kile alichotengeneza hata baada ya kukiuza. Hebu ibebesheni basi. Pakiti ya sabuni ya siku moja iliyoko kwenye mtaro wa Mukuru ina jina la mwenyewe, limeandikwa kwa rangi tatu. Mashine za kupimia mafuta na maziwa ziondolewe ada za kero. Mama wa maharagwe apewe kibanda chenye maji, si notisi. Gesi ipimwe kwa mita, kihalali, ili mwenye mia moja anunue ya mia moja kwa bei ile ile ya kilo anayolipa mwenye elfu mbili.

Na msituambie haiwezekani kiwandani. Nimeona kreti ya soda ikitoka Nairobi juu ya lori, ikashuka kwenye duka la mabati mahali ambapo hata stima haijafika, na wiki ijayo ikarudi na chupa zote ishirini na nne. Miaka nenda miaka rudi mmetufuata mpaka huko kuchukua chupa zenu, kwa sababu chupa ilikuwa pesa yenu. Sasa sabuni ya unga inawashinda nini?