TUYAPE MAJI NJIA YAKE

Kila masika yanapokaribia, mji wetu wa Unguja hukumbushwa deni la zamani. Mvua kubwa ikinyesha kwa saa chache tu, mabonde ya Mwanakwerekwe na Sebleni hugeuka maziwa, vyoo hufurika, na wazee na watoto huhamishwa majumbani mwao. Wako wanaosema kuwa hii ni kudra. Naam, mvua ni kudra. Lakini mahali pa kujenga nyumba, mahali pa kutupa taka, na siku ya kusafisha mtaro, hayo ni maamuzi ya binadamu. Na juu ya maamuzi hayo ndipo tunapotaka kusema leo.

Majina ya mitaa yetu ni ushahidi tosha. Mtu atokaye Darajani kwenda Ng'ambo leo havuki daraja wala maji. Hata hivyo wazee wetu hawakuyatunga majina hayo bure. Palikuwapo hapo hori, yaani mkono wa bahari, ulioingia kutoka Funguni upande wa kaskazini ukazunguka nyuma ya Mji Mkongwe kuelekea Mnazi Mmoja. Wakati wa bamvua mji wa mawe ulikaribia kuwa kisiwa. Maji yakitoka, lilibaki tope. Hori lile ndilo lililokuwa mto wa mji. Lilipokea mvua ya pande zote mbili na kuifikisha baharini.

Hatusemi kwamba hali ya zamani ilikuwa njema. Fukwe na hori vilitupiwa taka za kila namna, na visima vya mjini havikuwa salama. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliangamiza watu kwa maelfu, na Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati huo, alieleza habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1876. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchem za nje ya mji. Tangu wakati huo ilikwisha kudhihirika kwamba afya ya mji huu imo katika mambo mawili: maji safi yanavyoingia, na maji machafu yanavyotoka.

Wakoloni wa Kiingereza walilitatua tatizo la uvundo kwa kulifukia hori. Kazi hiyo ilifanywa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ikamalizika katika miaka ya 1950. Ikapatikana ardhi ya viwanja na ya barabara, ile ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Lakini wakaazi wa Ng'ambo, ambao mvua yao ilipitia pale, hawakupewa mitaro iliyolingana na wingi wao. Hori lilifukiwa, maji hayakufukiwa. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliufuta ule mpaka baina ya watu wa mji wa mawe na watu wa Ng'ambo, na majumba ya Michenzani ni ushahidi wa nia hiyo. Ama deni la maji, hilo tumelirithi, na kwa bahati mbaya tumeliongeza.

Tumeliongeza vipi? Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha watu 893,169. Katika muda wa miaka kumi wameongezeka kiasi cha laki tatu, na kila mmoja wao anahitaji pa kulala. Nyumba zimeteremka mabondeni. Pale mvua ilipokuwa ikizama ardhini taratibu, leo pana saruji na mabati, na maji yote hukimbilia mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mvua hiyo ikikutana na bamvua, bahari huwa imejaa na midomo ya mitaro imezibwa na maji ya chumvi; basi maji ya mvua hurudi nyuma mpaka vyumbani. Mafuriko ya Aprili 2005 yalitupa somo hilo, na kipindupindu kilichozuka mwaka 2015 na kuendelea hadi 2016 kikalikariri.

Haki inataka tuseme pia yaliyotendeka. Mradi wa huduma za miji ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliijengea mitaa kadhaa mitaro mikubwa, na manufaa yake yameonekana. Lakini mtaro si mnara wa kumbukumbu, ujengwe, uzinduliwe, kisha uachwe. Mtaro uliojaa mifuko, matairi na makumbi ya nazi ni hori jengine lililofukiwa, na safari hii tumelifukia wenyewe.

Liko na jambo jengine ambalo halionekani kwa macho. Kisiwa chetu hakina mito mikubwa. Vijito vyetu vingi huteremka hadi kwenye mawe ya matumbawe vikazama ardhini, na maji tunayokunywa aghalabu ni hayo hayo yaliyozama. Kwa hiyo msitu wa Masingini na mabonde yaliyo wazi si ardhi iliyokaa bure ikingoja mwenye kuichukua. Hizo ndizo ghala zetu za maji. Anayejenga juu yake huziba kisima cha jirani yake, na anayechimba choo humo humnywesha jirani huyo uchafu.

Kwa hivyo tunasema wazi. Kwa wakuu wanaohusika na ardhi: kiwanja kisitolewe tena bondeni wala katika njia ya maji, awe mwombaji ni nani na barua ameandikiwa na nani. Mnyonge aliyekwisha kujenga humo apewe pahala pengine kabla ya kuvunjiwa, kwani aghalabu aliuziwa na mtu aliyejua. Kwa Manispaa: mitaro isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na wananchi watangaziwe siku ya kazi na jina la afisa mwenye dhamana ya kila mtaro, ili lawama isikose mwenyewe. Kwa masheha na kamati za mitaa: mtupa taka mtaroni asifichwe kwa kuwa ni jamaa. Na kwa sisi wananchi sote: tangu vyuoni tumefunzwa kuondoa dhara katika njia ya watu. Njia ya maji nayo ni njia ya watu, kwani likizibwa hapa hufurika pale.

Wazee walisema maji hufuata mkondo. Mkondo wetu wa zamani umelala chini ya lami ya Darajani na haurudi tena. Ule wa sasa ni mitaro na mabonde, na uhai wake umo katika saini ya ofisa na mkono wa mwananchi. Masika hayangoji kikao. Kazi na ianze sasa, ilhali ardhi ingali kavu.